Mbuzi Aliyeliwa Nikiwa Niigata

Machakos,
9 Januari 2025

Kwa Syombua, mwanangu na mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na Kalondu mke wangu anakusalimu kwa miwili yake, ingawa mmoja umeshika mwiko. Natumaini unavaa soksi mbili mbili, maana Mwalimu Ann ninayefundisha naye amesoma mahali kwamba huko Niigata theluji hufika dirishani. Huku ni kinyume. Mvua ya Novemba ilinyesha wiki mbili ikatugeuzia mgongo, na mahindi yamesimama shambani kama watu walioitwa mkutanoni wakasahau walichoitiwa. Mbaazi ndizo zinatushikilia. Mimi sijambo, ila suruali zangu zote zimeanza kubana kiunoni, na Kalondu anasema kosa si la suruali.

Utashangaa kuona mwandiko wangu badala ya kusikia sauti yangu. Nikikupigia simu haiiti. Ujumbe nikituma unabaki na tiki moja tangu tarehe ishirini na tisa Desemba. Nilidhani ni mtandao. Nikampelekea Mwalimu Ann simu, akaitazama, akaniambia, "Josphat, umeblokiwa." Mimi, mwalimu wa Kiswahili wa miaka ishirini na saba, nikamjibu kwamba neno hilo halimo kwenye kamusi. Akasema, "Hata kama halimo, umeblokiwa."

Basi anwani nimeinakili kutoka ile barua ya chuo uliyotuachia, herufi kwa herufi. Kama nimekosea, anayesoma sasa ni Mjapani fulani, naye namsalimu pia.

Nadhani picha niliyotuma kwenye kikundi cha familia haikujieleza vizuri, kwa hiyo nikueleze mwenyewe. Jumamosi ile baada ya Krismasi walikuja watu wa Katangi, wazee wa Kisilu, wakiongozwa na baba yake. Walileta mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja. Hii ndiyo ntheo, mbuzi wa kumfunga msichana, wewe huhitaji kufundishwa. Bila mbuzi hao, hapa kwetu mtu hata akae na mwenzake miaka thelathini wazae watoto sita, bado ni kama wanatembeleana. Na beberu akishachinjwa akaliwa na pande zote mbili, msichana ana kwake. Tulikupigia ile simu ya video, wazee wakakuona ukiitikia kwa kichwa, wakaridhika. Nyama ilikuwa laini. Nilikula kuliko inavyompasa mtu wa rika langu.

Mamako Nthenya alikuwa anaumwa na kichwa siku hiyo, hakutoka jikoni. Lakini hajambo.

Kisilu ni kijana mzuri, unamjua kunishinda. Duka lake la mbegu na dawa za mifugo pale Katangi linasimama, hanywi, na anamwamkia kila mtu. Ndugu yangu Ndunda, babako, angekuwa hai angevua kofia. Mwezi wa nane ukitua nyumbani, tutakuwa uwanjani sote tukikungoja.

Nifungulie simu, Mwaitu, mama yangu. Kuandika kwa mkono kunanikumbusha madaftari ya kusahihisha.

Wako baba mdogo, ambaye pia ni mtoto wako,
Josphat

*

Niigata,
6 Februari 2025

Kwa Baba Mdogo Josphat,

Mwalimu wetu wa uandishi anatufundisha kwamba barua ya Kijapani huanza na majira ya mwaka, hata kama unamwandikia adui. Kwa hiyo: theluji ya tangu juzi imefunika baiskeli zote za bweni, na mti ulio mbele ya dirisha langu umefungwa kamba kila tawi ili usivunjike kwa uzito. Natumaini wewe na Mama Kalondu mko na afya. Hayo ndiyo majira. Sasa naanza.

Mmenila.

Picha yako niliiona nikiwa kwenye foleni ya chakula chuoni, sinia mkononi. Umeshika mguu wa mbuzi, umecheka hadi gego linaonekana, na chini umeandika "Hongera binti yetu Syombua". Watu arobaini na wawili wameweka vile vidole vya kushukuru. Msichana tunayesoma naye akachungulia akaniuliza, "Ni sikukuu gani kwenu?" Baba Mdogo, nimesoma lugha hii miaka miwili huko na miezi minne hapa. Najua kuomba radhi kwa kuchelewa kwa namna tano za heshima. Sikuwa na neno la kumjibu. Nilimwambia ni Krismasi.

Nani aliniuliza? Nitajie jina la mtu mmoja, mzee au mtoto, aliyenikalisha chini akaniuliza, "Syombua, mbuzi hawa tuwale?" Kisilu nilimwambia mwezi wa tisa kabla sijasafiri: nikirudi tutaongea. Hiyo haikuwa "ndiyo". Hata yeye anajua haikuwa "ndiyo", ndiyo maana alikuja kwenu hakuja kwangu. Sasa mama yake ananiandikia ananiita "mke wetu". Ananiuliza kama huku wanatufundisha kupika.

Na unajua lililo baya zaidi, wewe mtu wa mila. Nikiteleza kwenye barafu leo nikavunjika shingo, mwili wangu hauji kulala karibu na baba. Utapelekwa Katangi, nizikwe kwa watu ambao sijui hata jina la mbwa wao, kwa sababu wewe ulikuwa na njaa Jumamosi moja.

Umeandika kwamba mama alikuwa anaumwa na kichwa. Kichwa gani hicho kinachouma hadi mtu anahama? Tangu jioni ile yuko Katelembo kwa dada yake Syokau. Ukurasa mzima umeniandikia mahindi na suruali, na hilo halikupata hata mstari. Alinipigia. Hakulia, na ndipo nilipojua jambo ni zito.

Simu sikufungulii. Ukitaka kusema nami, andika. Kwenye simu unacheka, na ukianza kucheka watu husahau walichokasirikia. Karatasi haicheki.

Syombua Ndunda

*

Machakos,
3 Machi 2025

Kwa Syombua,

Pokea salamu, hata kama utazipokea ukiwa umekunja uso. Kalondu hajambo. Shule tunafanya mitihani, watoto wameandika insha juu ya "Siku Nisiyoisahau" na wote ishirini na tisa wameandika ajali. Kuna habari nyingine ya furaha: mmoja wa wale mbuzi wako majike alikuja na mimba, na wiki jana amezaa. Kitoto ni cheusi chenye soksi nyeupe. Nimekiacha bila jina hadi uje.

Sasa na mimi niseme, kwa sababu barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikasimama tena.

Hukuulizwa, unasema. Tulikuona! Watu kumi na wanne, na miwani yetu, tuliona kichwa chako kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, kama mjusi juu ya jiwe la jua. Msichana asiyetaka hutikisa kichwa hivyo? Mimi nimefundisha miaka ishirini na saba. Mtoto akinitikisia kichwa hivyo naendelea na somo.

Na hiyo "njaa ya Jumamosi moja" imeniuma, sitaficha. Nani alikufundisha irabu kwa mkaa ukutani, hadi Kalondu akanifukuza jikoni? Nani alipanga foleni ya pasi yako ya kusafiria siku mbili, akashikilia nafasi ukiwa umeenda chooni, akagombana na mzee wa Kangundo nusura tupigane? Babako alipofariki, nani alisimama? Miezi mitano tu uko huko, unawainamia wageni hadi kiuno, sisi wa kwenu unatusimamia mikono kiunoni.

Kisilu aliniambia umeomba kuongeza miaka miwili. Mimi nayasikia kwa muuza dawa za kupe! Nikajiuliza, hii miwili itazaa mingine mingapi? Kijana wa jirani zetu pale Kyumbi alienda kusoma mwaka mmoja. Mamake sasa anamwona kwenye kioo cha simu tu, na wajukuu wanamwongelesha lugha ya kikohozi. Mtu akiwa na kitu kinachomngoja nyumbani hurudi. Hilo tu. Sisemi zaidi.

Kuhusu mamako, zile ni hasira za kawaida, zitaisha mvua ya Machi ikishuka. Na kuhusu beberu, Syombua, nyama iliyoliwa haitapikwi. Tazama mbele.

Baba yako mdogo,
Josphat

*

Niigata,
2 Aprili 2025

Kwa Baba Mdogo,

Majira: theluji imeyeyuka, na watu wote wamevaa barakoa kwa sababu miti ya milimani imeanza kumwaga chavua. Mji mzima unapiga chafya. Natumaini mko wazima.

Nimekurudishia barua yako. Ni ile ile, imo ndani ya bahasha hii. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu kama unavyofanya na madaftari ya watoto. Lakini usifurahi mapema. Shule za huku, duara ndilo linalosema umepata, na tiki husema umekosa. Nimekupigia tiki kumi na moja. Duara ni moja tu, pale kwenye foleni ya pasi. Ile ni kweli, na siku ile nilikupenda.

Tiki ya kwanza ni "mbuzi wako". Sina mbuzi. Tiki ya kumi ni "hasira za kawaida". Mama aliwaambia maneno mawili tu mbele ya mlango wa jikoni: "Muulizeni kwanza." Mkamwambia hilo ni la wanaume. Mjane aliyemlea mtoto peke yake na kumsomesha peke yake, anafukuzwa kwenye maneno ya mtoto wake na watu waliokuja kula. Tena wewe ndiye uliyemwambia, kwa kicheko, "Shemeji, tuonjee chumvi."

Sasa kichwa changu. Ni kweli kilipanda na kushuka. Huku mtu akikuongelesha, unatikisa kichwa tangu anapoanza hadi anapomaliza. Maana yake ni moja tu: nakusikia, endelea. Mwalimu alitupanga wawili wawili tukafanya mazoezi. Mimi nilikuwa nasikiliza kama kwetu, nimetulia, macho chini, na mwenzangu akadhani amenikosea. Kwa hiyo nikajifunza. Kufikia Desemba nilikuwa nimetikisa miezi mitatu hadi shingo yangu imejua Kijapani kuliko ulimi wangu.

Lakini nilikuwa natikisia nini? Simu yangu imehifadhi: Jumamosi, dakika tatu na sekunde arobaini. Uliniambia mvua imekata. Nikatikisa. Uliniambia mbaazi zimeshika. Nikatikisa. Ukanionyesha mbwa. Ukasema, "Ngoja nikupe wazee," nikatikisa, kioo kikaganda na ukakatika. Hakuna aliyesema mbuzi. Hakuna aliyesema Kisilu. Nilikupigia mara sita. Hukushika.

Kwa hiyo nakuuliza wewe mwalimu. Simu ilipokatika, uliwaambia wazee nini?

Na hiyo miaka miwili, ndiyo, nimeomba. Nataka kutafsiri vitabu vya huku viende moja kwa moja kwenye Kiswahili bila kupitia kwa Mzungu. Kisilu aliniuliza, nikamwambia; ninyi sikuwaambia kwa sababu hamkuuliza. Hapo tumelingana.

Nikukumbushe kitu. Susu, mama yako, ambaye mmenipa jina lake, hakuwahi kula nyama ya ntheo. Hata ya dada zako. Kila sherehe akiletewa sahani alisema meno. Na ninyi mkaamini, wakati alikuwa anamenya muwa kwa meno hayo hayo. Nililala naye chumba kimoja miaka tisa. Aliniambia. Siku ya ntheo yake alikuwa ametumwa mtoni. Aliporudi na kibuyu cha maji mgongoni akakuta wageni uani wanalamba vidole. "Nilikuja na maji ya kupikia," akasema, "nikakuta nimeshaiva."

Tangu nizaliwe unaniita Mwaitu. Ukifika kwetu ulikuwa unanisalimia mimi kabla ya watu wazima, nikiwa na kamasi puani, watu wakicheka, nawe unasema, "Huyu ni mama yangu, lazima nimwamkie." Vizuri. Leo siandiki kama mtoto wa ndugu yako. Naandika kama Syombua aliyekuzaa, na nakutuma.

Peleka mbui ya ulee. Mbuzi ya kukataa. Mila iliyonifunga ndiyo hiyo hiyo inayofungua, wewe unaijua na umenyamaza. Rudisha wale majike, na kitoto chao cha soksi nyeupe, na beberu mzima badala ya mliyemla. Nenda mwenyewe. Usitume mtu. Ukasimame pale Katangi useme kwa mdomo wako lile ulilowaambia wazee. Na kabla ya hapo, nenda Katelembo.

Usicheke ukiwa njiani.

Syombua, mama yako

*

Niigata,
14 Mei 2025

Kwa Josphat,

Majira: wanapandikiza mpunga, mashamba yamejaa maji hadi barabarani.

Posta inaonyesha barua yangu ilichukuliwa tarehe ishirini na mbili Aprili, ikasainiwa kwa jina lako.

Mama yako

*

Machakos,
8 Juni 2025

Kwa Mwaitu Syombua,

Nakusalimu. Baridi imeshuka, ukungu haukati kilimani hadi saa nne, na mahindi safari hii yamebeba. Kalondu anakusalimu, ingawa mimi na yeye hatukuongea vizuri kwa wiki tatu. Nilimwonyesha ile barua nyekundu. Akaisoma yote, akaniambia, "Kumi na moja ni chache."

Kuchelewa kwangu hakukuwa kwa posta. Niliandika barua nne nikazichana. Katika zote nne niligundua nimefika mstari wa tatu nachekesha.

Umeuliza niliwaambia nini. Simu ilipokatika, babake Kisilu alisema, "Eeh mwalimu, amesemaje?" Mimi nikatazama kioo. Kilikuwa cheusi, nikaona uso wangu tu. Sufuria lilikuwa linachemka nyuma yangu. Watu walikuwa wametoka Katangi tangu alfajiri na wamevaa makoti. Nikasema, "Amekubali." Basi. Neno moja. Ulipoanza kupiga, niliona jina lako. Nikaiweka simu chini ya mto wa kiti nikaikalia. Ilitetemeka mara sita, Mwaitu. Nilizihesabu, na kila mara nilisema neno kwa sauti ya juu ili wazee wasisikie. Wakasema Josphat leo amechangamka.

Kwa nini? Tangu Ndunda afe, hakuna aliyewahi kunipa kiti cha mbele. Mimi ni mdogo mtu, mwalimu wa chaki, mchekeshaji wa harusi za wengine. Siku ile nilipewa kiti chenye mto, wakaniita "Baba Syombua". Na nilikuwa nimeshasikia ya miaka miwili. Niliogopa. Nikafikiri mbuzi watatu wana nguvu ya kumvuta mtu kutoka Japani. Nilikuwa nimekasirika kwamba unaenda mbali na kitu nisichokijua, wala siwezi kukusahihishia. Badala ya kusema hivyo nikala.

Hilo la Susu kutumwa maji, sikulijua. Nilikuwa kijana wake wa mwisho, nikimchekesha kila siku, na hakuniambia. Nimelifikiria sana. Labda kwa kuwa nilikuwa namchekesha.

Nilianzia Katelembo. Syokau alinikuta langoni akanizibia njia. "Leo umemleta nani wa kuliwa?" Nikasema nimekuja mwenyewe. Mamako alikuwa anapepeta ndengu. Hakuinua macho. Nikamweleza yote, hadi ya mto wa kiti. Akapepeta. Mwisho akasema, "Maneno mawili, Josphat. Niliomba maneno mawili." Nikasema ndiyo. "Na wewe ukaniomba chumvi." Nikasema ndiyo. Akasema atarudi mbuzi wakitoka, sio kabla, na nisidhani atanipikia.

Siku ya soko nikaenda kwa Kulmiye kutafuta beberu. Unamkumbuka Kulmiye, yule Msomali wa mifugo ambaye Ndunda alikuwa anapenda kubishana naye. Akaniuliza, "Mwalimu, hii mbuzi ni ya harusi?"

"Ni ya kuvunja."

Akanitazama. "Wewe ndio unavunja ama wewe ndio umevunjiwa?"

"Mimi ndiye niliyeharibu."

Akamrudisha yule niliyekuwa nimeshika, akaenda nyuma ya zizi, akaja na mwingine mkubwa mwenye ndevu. "Ukirudisha, rudisha mzuri kuliko uliyekula," akasema. "Ukipeleka dhaifu, watasema hata aibu yako ni ya bei rahisi."

Niliwaomba wazee wawili waliokula nami wanisindikize. Mmoja anaumwa na kiuno. Mwingine naye, nilipomfikia, akapata kiuno. Siku ya kula tulikuwa kumi na wanne, Mwaitu. Siku ya kurudisha nilikuwa mimi, dereva wa pikapu na mbuzi wanne.

Pale Katangi walidhani nimeleta zawadi. Mama Kisilu akapiga kigelegele. Sitakiandika kigelegele kile kilivyonyamaza. Nilisimama uani, nimeshika kamba, nikamwambia babake Kisilu: "Mtoto hakuulizwa. Simu ilikatika. Mimi ndiye niliyesema amekubali. Hii ni mbuzi ya kukataa, na hawa ni wenu."

Kisilu akatoka dukani na koti lake la kazi. Akaniambia, "Mwalimu, nimepaka nyumba rangi."

Akasema tena, sauti imepanda, "Ulinitazama machoni ukasema amekubali! Sasa mimi nitawaambia watu nini? Kwamba nililetewa mke na muongo?" Nikasema awaambie hivyo hivyo. Akataka kujua kama umesema chochote juu yake. Nikamwambia ulisema ukirudi mtaongea, na kwamba yeye alijua hiyo haikuwa "ndiyo". Akarudi dukani. Ana hasira na mimi, na ana haki, ila si yote.

Babake akawatazama mbuzi mmoja mmoja. Yule beberu wa Kulmiye akampapasa mgongo. Akafungua kamba shingoni, akanirudishia. "Kamba ni yako," akasema. "Mbuzi tumepokea." Nilipoiviringisha ndipo nilipoelewa kwamba umefunguliwa, pale pale, katikati ya siku, bila mtu kupiga makofi.

Kwa hiyo nakujulisha rasmi: hakuna mtu Katangi mwenye haki juu yako, mzima wala maiti. Mamako amerudi Jumanne. Hajanipikia.

Nina swali, na nimekaa nalo tangu Katangi. Hiyo miaka miwili ya vitabu, ni kitu unachokitaka sana? Ninauliza tu. Andika jibu lolote, nitawasomea wazee kama lilivyo.

Nimalizie. Kwa kuwa ni watu wenye adabu, hawakuniacha niondoke na njaa. Wakanikalisha chini ya mabati ya jikoni, Mama Kisilu akaleta sahani. Nyama ya mbuzi, ya kukaanga na vitunguu, namna ninayoipenda, na wewe unajua ninavyoipenda. Mvuke ukanipanda puani. Dereva wangu alishaanza kula. Nikaisogeza kando kidogo nikamwambia mama yule meno yananisumbua.

Akanitazama kinywani. Nina meno yote, yeye mwenyewe ameyaona kwenye picha.

"Meno," akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimerithi kwa mama."

Josphat, mtoto wako